Kuishi Mlandizi, Kufanya Kazi Dar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mlandizi iko kando ya Barabara ya Morogoro, karibu kilomita 60 kutoka katikati ya Dar es Salaam, ndani ya Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani. Barabarani kuna stendi, soko na maduka ya vifaa vya ujenzi. Ukiingia ndani kidogo unakuta mihogo, mikorosho, miembe na ng'ombe wanaorudi zizini jioni. Majibu haya ni ya mtu anayefikiria kuhamia Mlandizi huku akiendelea na kazi jijini. Mengi yanafaa pia kwa Visiga, Soga, Ruvu na Vigwaza.

Inawezekana kwenda Dar na kurudi kila siku?

Inawezekana, na wapo wengi wanaofanya hivyo. Njia iliyozoeleka ni kupanda daladala au kosta ya Mlandizi–Mbezi hadi Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, kisha daladala hadi Kimara Mwisho, halafu basi la mwendokasi kwenda vituo vya Morocco, Gerezani au Kivukoni. Anayefanya kazi Mbezi, Kibamba au Kimara ana nafuu kubwa. Anayefanya kazi Posta, Kariakoo au mbali zaidi ajiandae kwa siku ndefu.

Njia ikiwa nzuri, Mlandizi hadi Mbezi ni kama saa moja au zaidi kidogo. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ilipanuliwa kwa kilomita 19.2, na kipande hicho siku hizi kinapitika vizuri kuliko zamani. Tatizo liko kati ya Kibaha na Mlandizi. Hapo barabara ni ya njia mbili, na ndiyo hiyo hiyo inayobeba malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Lori moja likiharibika kwenye mteremko au likigongana na basi, foleni inaweza kula asubuhi nzima, na hakuna barabara nyingine ya lami ya kuikwepa.

Kwa hiyo anayetakiwa kazini saa mbili kamili asubuhi hutoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Akitoka saa kumi na mbili ameshachelewa. Jioni, ukikosa gari Mbezi kabla ya saa tatu usiku, magari ya Mlandizi huanza kupungua na nauli huanza kuwa ya kujadiliana. Kama kazi yako ina zamu za usiku au vikao visivyo na saa ya kuisha, tafuta ndugu au rafiki wa kulala kwake Dar siku mbili tatu kwa wiki. Hilo lipange mapema, usingoje usiku wa shida.

Treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, haitatui tatizo hili?

Kwa kiasi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na njiani kuna stesheni za Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Soga na Ruvu ziko jirani na Mlandizi. Lakini reli hii ilijengwa kwa ajili ya safari ndefu, siyo kwa mfanyakazi wa kila siku. Treni za haraka hazisimami stesheni ndogo, ratiba hubadilika, tiketi hukatwa kwa jina na kitambulisho, na lazima ufike stesheni kabla ya muda. Halafu bado una bodaboda kutoka nyumbani hadi stesheni.

Inafaa sana kwa anayekwenda jijini mara moja au mbili kwa wiki. Angalia ratiba ya sasa kabla hujachagua kiwanja kwa sababu ya treni, na uangalie hasa saa ya treni ya kurudi, maana hiyo ndiyo huwakwamisha watu. Madalali wa Soga hupenda kusema "dakika chache tu hadi Dar" bila kutaja treni ngapi husimama pale kwa siku.

Nihesabuje gharama ya usafiri?

Anzia mlangoni kwako, siyo stendi. Wengi huhesabu nauli ya Mlandizi–Mbezi na mwendokasi, wakasahau bodaboda ya kilomita tatu za ndani. Ukilipa shilingi 1,500 asubuhi na 1,500 jioni, kwa siku 24 za kazi ni shilingi 72,000 kwa mwezi, na hapo hujafika hata barabara ya lami. Mvua ikinyesha, bei ya bodaboda hupanda, na sehemu nyingine hawaingii kabisa.

Andika kila kipande cha safari, zidisha mara mbili, kisha mara siku za kazi. Ongeza chakula cha jijini, kwa sababu atokaye saa kumi na nusu hanywi chai nyumbani. Linganisha jumla hiyo na tofauti ya kodi ya nyumba kati ya Mlandizi na, tuseme, Kimara. Kwa mtu mmoja asiye na familia, mara nyingi Mlandizi haiokoi fedha. Kwa familia ya watu watano au sita yenye kiwanja chake, kuku na bustani, hesabu hugeuka.

Nianze kwa kupanga au ninunue moja kwa moja?

Panga kwanza. Tunalisisitiza hili kuliko jibu lingine lolote hapa. Panga miezi sita, na miezi hiyo ikutane na masika, yaani Machi hadi Mei. Ukihamia Februari ukakaa hadi Julai, utaona barabara ipi hukatika, bonde lipi hujaa maji, mtaa upi hukosa maji mvua zikikata, na kama mwili wako unaustahimili usafiri. Kiwanja kilichopendeza mwezi Septemba kinaweza kuwa kidimbwi mwezi Aprili.

Viwanja huku huuzwa kwa "miguu". Ni vipimo gani?

Ni hatua za mtu, na hatua za watu hazilingani. Kiwanja cha "ishirini kwa ishirini" wengi hukichukulia kuwa mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Lakini mtu wa kawaida akitembea bila kujinyoosha, hatua yake ni kama sentimita 75. Hatua ishirini za hivyo ni mita 15, na mita 15 kwa 15 ni mita za mraba 225. Umelipia 400, umepata kama nusu yake na kidogo juu.

Kwa mashamba, kawaida ya mtaani ni kuhesabu ekari moja kuwa hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa karibu mita 63.6. Ili hatua 70 zifikie hapo, kila hatua iwe sentimita 91. Nenda na utepe wa mita 50, pima pande zote nne na pia ulalo wa kona kwa kona. Ulalo mmoja ukizidi mwingine sana, kiwanja siyo mraba na eneo ni dogo kuliko unavyoambiwa. Andika mita kwenye mkataba, usiandike miguu.

Nikague nini kabla ya kutoa hata shilingi?

Kwanza jua eneo liko chini ya mamlaka ipi. Mlandizi iko Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha. Maili Moja, Tumbi, Visiga na Misugusugu ziko upande wa Kibaha Mjini, ambako ni halmashauri nyingine yenye ofisi nyingine ya ardhi. Watu hupoteza siku nzima kwa kwenda ofisi isiyo yao.

Ukishafika idara ya ardhi, uliza kama eneo limepimwa, kama lina mchoro wa mipango miji, na mchoro huo unasema ni la nini: makazi, shule, viwanda, au eneo la wazi. Kisha angalia yafuatayo kwa macho yako na kwa kuuliza:

Hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, ambayo kwa kipande hicho ni mita 121.5 kila upande. Usimwamini mtu anayesema "serikali haitafika huku". Waulize TANROADS, wakala wa barabara, kuhusu kipande chako.

Mto na mabonde. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Bonde la Ruvu lina rutuba, na mpunga na mboga hustawi humo, lakini ni bonde la mafuriko. Lima humo, usijenge.

Msitu wa hifadhi. Wilaya hii ina misitu ya Ruvu Kaskazini na Ruvu Kusini. Shamba la bei ya kutupa lililo pembezoni mwa msitu lina sababu ya kuwa na bei hiyo. Ofisi ya TFS, wakala wa misitu, itakuonyesha mipaka.

Njia za umeme mkubwa, reli na mabomba makuu ya maji. Ukiona nguzo za chuma au vigingi vya zege vyenye herufi ndani ya shamba, simama hapo hapo na uulize ni vya nani kabla ya kuendelea na mazungumzo.

Mwisho, kaa na majirani wa pande zote nne bila dalali kuwepo. Waulize mipaka yao iko wapi na kama eneo limewahi kuuzwa. Shamba la ukoo lililouzwa na kijana mmoja wakati shangazi na wajomba hawana habari ndiyo kesi inayojirudia kuliko zote.

Nani anatakiwa kusaini mauziano?

Inategemea aina ya ardhi. Kama ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Uhamisho hupitishwa na Halmashauri ya Kijiji, ambayo ina wajumbe 15 hadi 25, na kikao chake huwa na muhtasari. Omba nakala ya muhtasari yenye mhuri na orodha ya waliohudhuria. Kama eneo limepimwa na lina hati, mambo yanaendeshwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Hapo utapitia kwa wakili, utafanya upekuzi wa hati kwa msajili, na utalipa kodi na ushuru wa stempu.

Katika hali zote, mume au mke wa muuzaji asaini. Nyumba ya familia iliyouzwa bila ridhaa ya mwenza ni mlango wa kesi. Majirani wa mipakani wasaini pia. Malipo yapite benki au kwenye simu ili yaache alama.

Ukiambiwa utoe asilimia kumi ya bei kwa ofisi ya mtaa au kijiji, uliza ni sheria ndogo ipi inayosema hivyo, na usilipe chochote bila kumbukumbu namba ya malipo ya serikali na risiti yake.

Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi. Basi maji siyo tatizo?

Hilo huwashangaza wengi. Ruvu Juu inaweza kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, lakini mabomba makuu yanapeleka maji Kibaha na Dar. Kupita kwa bomba kubwa mbele ya kiwanja chako hakukupi haki ya kuliunga. Unahitaji bomba la usambazaji, na hilo linaweza kuwa mita mia mbili au kilomita mbili kutoka kwako. Nenda ofisi ya DAWASA, mamlaka ya maji, omba mpimaji aje, na upate makadirio ya maandishi kabla ya kununua. Kila mita ya bomba na mtaro utalipia wewe, na ndiyo maana majirani wenye busara huungana kuvuta laini moja.

Hata ukiwa na bomba, weka akiba. Mto Ruvu ukipungua, mtambo hupungua. Mwishoni mwa Oktoba 2022 maji yaligawiwa kwa mgao Dar na Pwani kwa sababu hiyo. Bwawa la Kidunda linajengwa ili mto uwe na akiba wakati wa kiangazi. Nyumbani kwako, tanki lako ndiyo Kidunda yako.

Mvua inaweza kutosha? Nahitaji tanki la ukubwa gani?

Chukua urefu na upana wa paa kwa mita, zidisha na milimita za mvua, kisha chukua asilimia 80 ya jibu, maana nyingine humwagika au hukauka. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina paa la mita za mraba 120. Mvua ya milimita 50 huleta lita 6,000, na utapata kama lita 4,800. Hiyo inajaza simtanki la lita 5,000 karibu lote kwa mvua kubwa moja au mbili za masika.

Sasa matumizi. Familia ya watu watano, kila mmoja lita 30 kwa siku, ni lita 150. Tanki la lita 5,000 litakaa siku 33. Juni hadi Septemba mvua ni za kubahatisha, na siku 120 zinataka lita 18,000. Kwa hiyo tanki moja ni la kuziba pengo la mgao tu. Anayetaka kuvuka kiangazi kwa mvua pekee aandae matanki manne ya lita 5,000 au kisima cha chini cha zege.

Mambo yanayoharibika ni haya. Lita 5,000 ni tani tano. Watu huweka tanki juu ya kichanga kilichosawazishwa kwa jembe, upande mmoja unadidimia, tanki linapinda na kupasuka pale bomba linapotokea. Jenga kitako cha tofali au mawe, jaza na shindilia, kisha mwaga zege la sentimita 10, kipana kuliko tanki kwa angalau sentimita 15 kila upande, na ukipime kwa pima maji.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi, majani ya mwembe na kinyesi cha ndege. Milimita moja ya kwanza kwenye paa hilo ni lita 120. Mafundi huweka kipande cha bomba la inchi 4 la kushika maji machafu, lakini mita moja ya bomba hilo hubeba lita 8 tu. Weka pipa, au acha bomba la tanki likiwa limefunguliwa pembeni wakati mvua ya kwanza inanyesha. Funika kila tundu kwa wavu wa mbu.

Nichimbe kisima?

Usichimbe kwa kubahatisha. Maeneo mengi ya ukanda huu yana maji ya chumvi chini, na kisima cha jirani kuwa kitamu hakukuhakikishii chako. Anza na upimaji wa kitaalamu, pata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mkubaliane na mchimbaji kwa maandishi: akikosa maji unalipa nini, na maji yakiwa ya chumvi unalipa nini. Maji yakipatikana, yapimwe maabara kabla ya kununua pampu.

Umeme unaunganishwaje, na gharama zikoje?

Maombi hufanywa kwa mfumo wa NIKONEKT wa TANESCO ukiwa na namba ya NIDA, baada ya fundi aliyesajiliwa kumaliza kutandaza nyaya. Ada ya kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000. Kwa maeneo yanayohesabiwa kuwa ya mjini, ada ya njia moja ndani ya mita 30 bila nguzo iliwekwa kuwa shilingi 320,960, na nguzo zikiongezeka inapanda. Mlandizi ina vyote viwili, mji na vijiji, hivyo uliza eneo lako limewekwa kundi gani. Kuwa na mahindi mbele ya nyumba hakulifanyi kuwa kijiji kwenye orodha yao.

Mteja mdogo anayetumia hadi uniti 75 kwa mwezi huwekwa kwenye bei ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Matumizi yakizidi hapo kwa mfululizo, huhamishiwa kundi la shilingi 292. Jokofu kubwa, pasi ya kila siku na jiko la umeme vitakuvusha haraka. Kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji akubaliane na mwenye nyumba mapema nani anaibeba.

Nyumba nyingi huku zina nyufa. Kwa nini?

Udongo. Kwenye miinuko kuna kichanga na tifutifu, ambao msingi wa kawaida unaukubali. Ukishuka kuelekea mabondeni unakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nyumba inapandishwa na kushushwa kila mwaka, na ukuta unapasuka kuanzia pembe za madirisha. Nenda kiwanjani Septemba. Ukiona ardhi ina nyufa za kuingiza kidole, ni huo. Dawa yake ni kuchimba hadi udongo mgumu, kujaza kifusi kizuri kilichoshindiliwa, na kufunga mkanda wa zege lenye nondo chini na juu. Gharama inaongezeka, na mara nyingi ni afadhali kununua kiwanja kingine.

Kichanga nacho kina mchwa. Nyunyizia dawa kwenye mtaro wa msingi na chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege. Baada ya hapo ni kufukuzana nao kwenye kenchi na fremu za milango.

Kuhusu choo: kabla ya kuchimba shimo la kunywea maji taka, chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji mara mbili jioni na uangalie asubuhi. Maji yakiwa bado yamo, shimo lako litajaa kila masika. Liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, chako na cha jirani, na mahali ambapo gari la kunyonya linaweza kufika.

Nataka kufuga kuku. Nianzie wapi?

Anzia kwenye chanjo, banda lifuate. Kideri, wengine huita mdondo, hufagia banda zima kwa siku chache, na hauna tiba. Bahati nzuri chanjo ya I-2 inayostahimili joto hutengenezwa hapa hapa Kibaha, kwenye Taasisi ya Chanjo. Ni tone moja jichoni kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo pangeni siku moja na majirani, mchanje wote kuanzia alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa. Chanjo isafirishwe kwenye barafu, isipigwe jua, na iliyobaki isiwekwe kwa kesho.

Vifaranga wa kununua hufuata ratiba ndefu kidogo: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, na ndui wiki ya 6 hadi ya 8. Anayetoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku hawezi kulea vifaranga peke yake. Joto la wiki tatu za kwanza linataka mtu wa kuangalia. Kama huna mtu huyo, anza na kuku wa kienyeji kumi na jogoo mmoja.

Ng'ombe wameingia shambani kwangu. Nifanye nini?

Piga picha kabla hujagusa chochote. Mwite mwenyekiti wa kitongoji aone, kisha mtendaji ampeleke afisa kilimo kutathmini hasara. Tathmini hiyo ya maandishi ndiyo msingi wa fidia. Wafugaji wengi hulipa mambo yakienda kwa utaratibu na kwa heshima. Usimjeruhi mnyama, na usimshike mchungaji, ambaye mara nyingi ni mtoto. Huko nyuma Pwani imeshuhudia ugomvi wa wakulima na wafugaji ulioanzia kwa ng'ombe wachache tu.

Uzio wa mibono au michongoma unapunguza usumbufu. Na usipande mahindi katikati ya njia ya mifugo ya kwenda mtoni, hata kama kisheria ni ardhi yako.

Moto, nyoka na mbu?

Agosti hadi Oktoba watu huandaa mashamba kwa kuchoma. Fyeka na palilia ukanda wa mita tatu hadi sita kuzunguka mpaka wako kabla ya Agosti. Usiache rundo la nyasi karibu na banda.

Nyoka wapo: koboko, swila, kifutu. Fyeka kuzunguka nyumba, usirundike matofali na kuni ukutani, tembea na tochi. Aliyeumwa alazwe, atulie, kiungo kisitikiswe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mpeleke hospitali haraka, na mtu mwingine apige simu mbele kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo.

Mbu wa malaria ni wengi masika. Chandarua kila kitanda, na fukia madimbwi ya matofali mliyofyatulia wenyewe.

Hospitali?

Mlandizi kuna kituo cha afya. Kwa upasuaji mkubwa na rufaa, kuna Tumbi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, iliyoko Kibaha. Mjamzito wa wiki za mwisho anayekaa ndani mbali na lami, hasa Aprili, asogee karibu. Weka simuni namba za madereva wawili wa gari dogo wanaokubali kuingia mtaani kwako usiku wa mvua.

Shule?

Shule za serikali hazina ada, lakini michango ya chakula na sare ipo. Kitu cha kuuliza ni umbali wa miguu na kama mtoto atavuka barabara kuu, kwa sababu malori hayapunguzi mwendo. Mzazi anayerudi saa mbili usiku apange mapema nani anampokea mtoto saa tisa.

Nitapokelewaje na wenyeji?

Vizuri, ukijitambulisha. Wiki ya kwanza nenda kwa balozi na mwenyekiti wa kitongoji na barua ya utambulisho kutoka ulikotoka. Bila wao hupati barua ya benki, ya NIDA wala ya dhamana. Wazaramo na Wakwere ndio wenyeji wa huku, na siku hizi wanaishi na watu wa kila kabila. Wazee msalimie kwa shikamoo hata kama umevaa tai na unawahi gari.

Msiba wa jirani usikupite. Kama uko Dar siku hiyo, tuma mchango na ufike jioni ukae mkekani. Mchango wa ulinzi shirikishi na siku ya kuchonga barabara ni hivyo hivyo: kama huwezi kushika jembe, leta lori la kifusi au fedha, na umwambie mwenyekiti mapema. Nyumba ambayo mwenyewe hajulikani sura hata kwa majirani ndiyo huibiwa simtanki mchana.